AJALI INA KINGA
Mwendo wa kasi na hasira barabarani: chanzo chake, na jinsi abiria anavyoweza kusaidia

Kwenye matanga mengi ya watu waliokufa barabarani husikika neno moja: "Ajali haina kinga." Mzee mmoja hulisema, wengine huitikia kwa kichwa, na mambo huishia hapo. Tunazika, tunakula, tunarudi nyumbani. Sikukuu inayofuata tunapanda matatu zile zile, zinakimbia vile vile, na sisi tunanyamaza vile vile.

Ndugu msomaji, methali hiyo ni ya kumfariji aliyefiwa, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Lakini tumeifanya kuwa sababu ya kutouliza maswali. Mti ukiangukia gari lililoegeshwa, hapo twaweza kusema ajali haina kinga. Dereva akiovateki kwenye kona huku akikimbia kilomita 120 kwa saa, kinga ilikuwepo ila haikutumiwa. Katika makala hii tutaeleza jinsi mwendo unavyoua, hasira za barabarani zinatoka wapi, sheria inasema nini, na kile ambacho wewe abiria unaweza kufanya ukiwa umekaa kwenye kiti chako.

BARABARA YETU

Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret na Kericho hatuhitaji kuhubiriwa sana kuhusu ajali. Majina ya vituo vyetu yamejulikana nchi nzima kwa sababu ya vifo. Tarehe 31 Desemba 2017, watu wasiopungua 36 walikufa pale Migaa, karibu na Salgaa, basi lilipogongana ana kwa ana na lori. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi usiku lilianguka Fort Ternan kabla ya mapambazuko, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lililoshindwa kusimama liliwapitia wachuuzi na abiria pale Londiani Junction. Hapo pia walikufa zaidi ya 50. Wengi wao hawakuwa wamepanda gari lolote. Walikuwa wanauza bidhaa zao au wanangoja matatu steji.

Nchi nzima, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka. Kati ya hao, kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu: mtoto anayevuka kwenda shule, mama aliyebeba mboga, mzee anayetoka ibadani. Kwa hiyo habari ya mwendo wa kasi inamhusu hata yule ambaye hajawahi kushika usukani.

MWENDO UNAUA VIPI?

Madereva wengi husema, "Mimi nina uzoefu, breki zangu ni nzuri." Tuangalie hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Dereva akiona hatari, hata akiwa macho na hajachoka, kama sekunde moja hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari linaendelea kama kawaida. Likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, linakula mita 14. Likiwa katika kilomita 100 linakula mita 28. Breki bado haijaguswa.

Baada ya hapo ndipo breki inaanza kazi. Watu wengi hudhani ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki nao utaongezeka mara mbili. Sivyo. Unaongezeka mara nne. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye breki nzuri husimama hivi, ukihesabu tangu dereva alipoona hatari:

- Kilomita 50 kwa saa: kama mita 28
- Kilomita 80 kwa saa: kama mita 57
- Kilomita 100 kwa saa: kama mita 83
- Kilomita 120 kwa saa: kama mita 113, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira

Mvua ikinyesha, matairi yakiwa yamelika, au matatu ikiwa imejaza watu na mizigo, umbali huo unazidi.

Sasa chukua mfano huu. Mtoto anatokea ghafla mita 28 mbele ya gari. Aliyekuwa akienda kilomita 50 atasimama karibu kabisa na miguu ya mtoto, ashtuke, amkaripie, kisha aende zake. Aliyekuwa akienda kilomita 80, mita 22 zitakuwa zimekwisha kabla hajagusa breki. Mita sita zilizobaki hazitoshi kitu. Atamfikia mtoto yule akiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Dereva ni yule yule, breki ni zile zile, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni mwendo tu.

Mwili wa binadamu nao una mipaka yake. Kugonga kitu kigumu ukiwa katika mwendo wa kilomita 50 ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 80 ni kama ghorofa ya nane. Kwa kilomita 100 ni kama ghorofa ya 13. Hakuna mtu anayeweza kukaa kwenye dirisha la ghorofa ya 13 huku akisinzia na mtoto mapajani. Lakini ndani ya matatu tunafanya hivyo kila siku, bila mkanda, kwa sababu hatuoni urefu wa kule chini.

HATARI YA MTEREMKO

Hapa kwetu kuna jambo lingine la kuelewa. Kutoka Mau Summit hadi Nakuru barabara inashuka sana. Lori lenye mzigo likianza kuteremka, uzito wake wenyewe unalisukuma. Dereva mwangalifu huweka gia ndogo tangu juu, ili injini yenyewe ilizuie lori. Dereva anayetaka kuokoa mafuta hutoa gia na kuliacha lori lijiendee. Akizoea anaona amefanya ujanja, kwa kuwa dizeli aliyookoa huiuza apate pesa kidogo.

Lakini lori lisilokuwa na gia linashikwa na breki peke yake. Breki zikikanyagwa muda mrefu hupata moto, na zikishika moto sana hukataa kushika. Hapo dereva anakanyaga mpaka chini na lori haliitiki. Injini nayo, kwa mwendo huo, hairudi kwenye gia kwa urahisi. Watu husema "breki zilikatika" kana kwamba ni bahati mbaya. Mara nyingi breki hizo zilikuwa nzima pale juu mlimani.

Kwa sababu hiyo, wewe mwenye gari dogo au matatu, usikae mbele ya lori kwenye mteremko ukidhani litasimama ukisimama. Na wewe mchuuzi, meza yako isikae ukingoni mwa lami mahali mteremko unapoishia. Twajua wateja wanapatikana hapo, na twajua soko la kaunti liko mbali au limejaa. Hilo ni jambo la kupigania pamoja, na tutalirudia mbele.

JE, ANAYEKIMBIA ANAFIKA MAPEMA?

Tuchukue safari ya kilomita 20, kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kwa kilomita 80 kwa saa utatumia dakika 15. Kwa kilomita 100 utatumia dakika 12. Umeokoa dakika tatu. Tena hiyo ni kama barabara ni tupu. Kwa kawaida utakuta malori matano yanapanda mlima yakifuatana, matuta, kizuizi cha polisi na ng'ombe wanaovuka. Yule uliyempita kwa vita na matusi, utamkuta nyuma yako kwenye tuta linalofuata, akikuangalia.

Dakika tatu. Matatu hupoteza zaidi ya hizo steji, makanga akingoja abiria mmoja wa mwisho.

HASIRA ZINATOKA WAPI?

Kila mtu ameziona hasira za barabarani. Dereva anakatwa mbele, anapandwa na damu, anamfukuza aliyemkata. Mwingine anaombwa njia, na badala ya kupisha anakanyaga mafuta ili asipitwe. Mwingine anamfuata mwenzake nyuma kabisa, karibu amguse bampa, huku akimulika taa kubwa na kupiga honi. Wakifika mjini wanashuka na kushikana mashati, na abiria wanatazama kama sinema.

Ukiwajua watu hao nyumbani, utashangaa. Ni baba wa watu, wengine ni wanakwaya. Kwa nini mtu akishika usukani anabadilika?

Kwanza, ndani ya gari hatuonani uso. Njiani kwa miguu, ukigongana bega na mtu, unasema "pole" na mambo yanaisha, kwa kuwa umeona macho yake. Barabarani unaona bati tu, na ni rahisi kulichukia bati. Mtu aliyekukata pengine anampeleka mgonjwa hospitali, au hakukuona. Wewe unadhani amekudharau.

Pili, kuna uchovu na njaa. Dereva aliyeamka saa tisa usiku na ambaye hajala mpaka saa nane mchana, hasira yake iko karibu kama maji ya mtungi uliojaa. Ukiutikisa kidogo tu, yanamwagika.

Tatu, kuna hesabu ya tajiri. Katika matatu nyingi, dereva na makanga hawana mshahara wa mwezi. Kila jioni wanampelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, na kinachobaki ndicho chao. Mafuta yanatoka hapo, na "kitu kidogo" cha njiani kinatoka hapo hapo. Kwa hiyo kila gari lililo mbele limebeba abiria ambao wangekuwa wao, na kila dakika ni pesa. Mpe kazi hiyo hiyo dereva wa skwodi, ambaye ameshikilia gari kwa raundi mbili tu na hatalipwa asipozimaliza, ndipo utaelewa kwa nini anakimbia hivyo. Hatusemi hivi ili kumtetea. Tunasema ili tujue kwamba mwenye gari, aliyekaa nyumbani akingoja hesabu, naye ana mkono wake kwenye usukani.

Nne, na hapa tusifichane, kuna sisi abiria. Nani husema "hii gari haitembei" na kushuka apande inayokimbia? Nani humpigia dereva simu, "uko wapi, tunachelewa mazishi"? Nani humsifu dereva fulani kwamba "huyo akishika gari, Nairobi ni saa mbili tu"? Dereva anasikia sifa hizo. Tumemfundisha kwamba anayekimbia ndiye fundi.

Habari hii si ngeni. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme kuna mtu anaitwa Yehu. Mlinzi aliyekuwa juu ya mnara wa Yezreeli alimtambua kutoka mbali kwa jinsi alivyoliendesha gari lake, kwa kuwa aliendesha kama mtu mwenye wazimu. Tukumbuke Yehu alikuwa safarini kwenda kuua. Dereva wetu hana nia hiyo, lakini mwendo wake ni ule ule.

SHERIA INASEMA NINI?

Watu wengi hudhani sheria za barabarani ni siri ya polisi na mahakama. Zinatuhusu sote. Kwa ufupi:

1. Katika miji na vituo vya biashara, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, hata kama barabara kuu inapita katikati.

2. Matatu, mabasi na malori ya mizigo yasizidi kilomita 80 kwa saa popote pale. Matatu na mabasi yote, pamoja na malori makubwa, lazima yawe na kidhibiti mwendo, kile watu wanachokiita spidi gavana.

3. Kila abiria ana haki ya kukaa kwenye kiti chenye mkanda, na ana wajibu wa kuufunga.

4. Dereva wa gari la abiria au la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24.

5. Anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10.

6. Matatu lazima iwe chini ya SACCO au kampuni yenye leseni. Maana yake, kila gari lina mahali ambapo malalamiko yanaweza kupelekwa.

Wengi wetu tunakumbuka Februari 2004, zilipoanza kutumika kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Mkanda kwenye kila kiti, spidi gavana, mstari wa manjano ubavuni, dereva na makanga wenye sare, na hakuna abiria kusimama. Matatu nyingi zilikaa nje ya barabara siku za kwanza, na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Zilipoanza tena kazi, kila mtu aliona tofauti. Kwa mara ya kwanza abiria alikaa kama mtu.

Lakini baadaye nini kilitokea? Spidi gavana zikachezewa waya. Mikanda ikachakaa, ikabaki kuwa pambo lenye vumbi. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na kanuni nyingine zikafuata. Hata hivyo sheria ina macho pale tu askari aliposimama. Dereva hupunguza mwendo kwenye kizuizi na akikipita anakanyaga tena. Madereva wanamulikiana taa kuonyana kwamba polisi wako mbele.

Kuna mtu mmoja tu aliye ndani ya gari safari nzima, anayeona kila kona na kila kosa. Huyo ni abiria.

SAUTI YA ABIRIA: JARIBIO LILILOFANYIKA KENYA

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walijaribu jambo rahisi hapa hapa Kenya. Walichukua matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Karibu nusu yake walizibandika stika ndani, mahali abiria anaziona, zenye maneno ya kumhimiza asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Nusu nyingine hawakuzibandika chochote. Ili madereva wasizibandue, waliowakutwa nazo waliingizwa katika bahati nasibu yenye zawadi. Hapakuwa na polisi, wala mashine, wala sheria mpya. Ni karatasi na gundi tu.

Baadaye walikwenda kwenye kampuni za bima na kuhesabu madai ya ajali. Katika matatu zilizobandikwa stika, madai yalikuwa yamepungua kati ya nusu na thuluthi mbili. Jaribio hilo lilirudiwa kwa upana zaidi na kuzaa kampeni iliyoitwa Zusha, iliyoendeshwa pamoja na NTSA kuanzia 2015. Pengine umewahi kuona stika hizo za rangi ndani ya matatu.

Tufikirie maana yake. Abiria walikuwa wanaogopa mwendo tangu zamani. Walichokosa ni ruhusa. Kila mmoja alidhani yuko peke yake, na kwamba akisema wengine watamcheka. Stika iliwaambia kwamba si vibaya kusema, na mmoja akianza, wengine hufuata. Dereva anaweza kumpuuza abiria mmoja. Abiria 14 wakisema pamoja ni vigumu kuwapuuza, kwa maana hao ndio wanaomlipa.

NITASEMAJE BILA KULETA VITA?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, hasa na akina mama. Kusema kuna adabu yake. Dereva akitukanwa hukasirika, na dereva aliyekasirika anakimbia zaidi. Basi fuata mambo haya:

Sema mapema. Usingoje mpaka gari liwe kwenye mteremko na watu wote wanapiga kelele. Mwendo ukianza kukutia wasiwasi, sema hapo hapo.

Zungumza kwa heshima. Mama mzee aweza kusema, "Mwanangu, twende pole pole, nataka kuwaona wajukuu wangu." Kijana aweza kusema, "Dere, tafadhali punguza kidogo, hatuna haraka." Dereva ambaye angemjibu kijana mwenzake kwa ukali, mara nyingi humsikia mama.

Tafuta wa kukuunga mkono. Mgeukie jirani yako: "Wewe huoni huyu anakimbia sana?" Mara nyingi utakuta naye moyo ulikuwa unamwenda mbio. Semeni wawili, kisha watatu. Na wewe ukimsikia mwingine amesema, usiangalie dirishani. Sema, "Ni kweli, dereva, punguza."

Makanga akikuambia "ukitaka kwenda pole pole nunua gari lako," usijibizane naye. Mwambie tu kwamba umelipa ufike.

Asiposikia, ombeni kushushwa mahali penye watu na penye usalama, si porini wala usiku. Andika namba ya gari, jina la SACCO, mahali na saa. Peleka habari kwenye ofisi ya SACCO na kituo cha polisi. Ikiwa hatari ni ya hapo hapo, piga 999. Malalamiko ya mtu mmoja hupotea. Malalamiko kumi kuhusu gari moja yanamfikia mwenye gari.

Na wakati wote funga mkanda. Kama haupo au umekatika, uulize uko wapi kabla hujalipa nauli.

WEWE UNAYESHIKA USUKANI

Kuna madereva miongoni mwa wasomaji wetu, wa matatu, wa malori, wa bodaboda na wa magari ya nyumbani. Kwenu tuna maneno machache.

Anayetaka kukupita, mwache apite. Ukimpisha hujapoteza kitu, na hatari yake unaiona ikienda mbele, mbali nawe. Anayekutukana, usimwangalie machoni wala usimjibu kwa honi. Hasira ni kama moto wa nyasi, ukikosa nyasi unazimika. Ukiona mikono yako inatetemeka kwa hasira, simama mahali salama, shuka, kunywa maji, uhesabu matairi yako. Dakika tano zinatosha.

Acha nafasi. Chagua alama barabarani, kama mti au kibao. Gari la mbele likiipita, hesabu pole pole sekunde tatu. Ukiifikia kabla hujamaliza kuhesabu, umekaribia mno. Mvua ikinyesha hesabu sita.

Toka mapema. Haraka nyingi za barabarani zilianzia nyumbani, mtu alipochelewa kuondoka.

Na wewe mwenye matatu, kabla ya kumlaumu dereva wako jiulize kama hesabu unayoitaka inapatikana bila kukimbia. Ukijua haipatikani, basi umemtuma akimbie, hata kama hukusema kwa mdomo. Mpe mshahara unaojulikana, na utakuwa na haki ya kumdai mwendo wa kilomita 80.

TUANZE NA MAGARI YETU WENYEWE

Kanisa linakodi magari mengi kuliko tunavyofikiri. Kwaya inaenda mashindano, vijana wanaenda kongamano, akina mama wanaenda hija, na karibu kila juma kuna msafara wa mazishi. Katika safari hizo sisi ndio tunaolipa, kwa hiyo sisi ndio tunaoweka masharti. Twapendekeza kila parokia na kila kikundi kifanye yafuatayo:

1. Kabla ya kukodi, kubaliana na mwenye gari kwa maandishi: mwendo usizidi kilomita 80, mikanda iwe mizima, abiria wasizidi viti, na dereva awe amelala usiku uliotangulia.

2. Mchague mtu mmoja mwenye heshima awe msimamizi wa safari, akae mbele karibu na dereva. Kazi yake ni kusema kwa niaba ya wote.

3. Dereva ale pamoja na wageni. Mara ngapi tumekula kwenye harusi na dereva amebaki kwenye gari na njaa, kisha tunamtaka aturudishe usiku?

4. Misafara ya mazishi isifukuzane. Marehemu hachelewi. Ibada ikianza dakika 20 baadaye hakuna aliyepotea.

5. Kila jumuiya ndogo ndogo iliyo kando ya barabara iorodheshe mahali ambapo watu wamegongwa, mahali watoto wanapovukia, na mahali soko limekaribia lami. Orodha hiyo ipelekwe kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, na kwa KeNHA, mamlaka inayosimamia barabara kuu. Mkiomba tuta, kivuko au uwanja wa soko ulio mbali na lami, onyesheni mahali penyewe na idadi ya waliogongwa. Nendeni na akina mama wa soko wenyewe, wao ndio wanaojua.

Kuomba kabla ya safari ni jambo jema, na tusiliache. Lakini maombi hayachukui nafasi ya breki. Anayemwomba Mungu amlinde kisha ananyamaza dereva akiovateki kwenye kona, amemwachia Mungu kazi aliyopewa yeye. Amri inayotukataza kuua haikusema inaanza kutumika tukiwa na panga mkononi tu. Usukani nao umo.

Basi safari ijayo, ukisikia moyo unakwenda mbio, fungua mdomo mapema na kwa heshima. Pengine mwenye kukaa nyuma yako alikuwa anangoja mtu wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mwaka uliopita, ni mahali gani karibu nasi watu waligongwa au magari yaligongana? Kulikuwa na kinga gani ambayo haikutumiwa?

2. Umewahi kuogopa ndani ya gari na ukanyamaza? Ni nini kilichokuzuia kusema?

3. Ni nani kati yetu mwenye matatu au lori, au mwenye ndugu anayemiliki moja? Hesabu ya kila siku inamsukuma dereva wake vipi?

4. Kikundi chetu kitakodi gari lini tena? Nani atakuwa msimamizi wa safari, na masharti yetu yatakuwa yapi?